Maneno Yaliyofunga Bandari

Tarehe 22 Septemba 1880, tarishi wa mahakama alipita kwa wakulima wa kando ya ziwa Mask, jimbo la Mayo, magharibi ya Ireland, akiwa na hati za kuwahamisha waliolimbikiza deni la kodi ya ardhi. Aliwakabidhi wachache tu. Wanawake walimwona, wakaitana nyumba kwa nyumba, wakamvurumishia matope na samadi mpaka akakimbilia kwenye nyumba ya msimamizi aliyemtuma. Msimamizi huyo alikuwa Mwingereza wa miaka 48, aliyewahi kuwa mwanajeshi, akiangalia mashamba ya kabaila aliyeitwa Lord Erne. Majirani walimwita Kapteni. Jina lake kamili lilikuwa Charles Cunningham Boycott.

Siku tatu kabla ya hapo, katika mji wa Ennis, mwanasiasa Charles Stewart Parnell aliuhutubia umati wa wakulima. Aliwauliza wamfanye nini mtu anayechukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa. Kuna aliyepaza sauti kwamba apigwe risasi. Parnell akajibu kwamba ipo njia bora na ya Kikristo zaidi: wamwepuke. Wakikutana naye njiani wasimsalimu, dukani wasimhudumie, sokoni wampishe kama walivyopishwa wakoma wa zamani.

Watu wa Mayo waliyachukua maneno hayo wakayatumia dhidi ya Kapteni. Vibarua wake waliacha kazi mavuno yakiwa yamekomaa. Mhunzi hakutaka tena kupiga nali za farasi wake, dobi akazikataa nguo zake, kijana wa kupeleka barua akatishwa asifike kwake. Wenye maduka wa mji wa Ballinrobe hawakumuuzia hata mkate. Hakuna aliyemgusa mwilini. Katikati ya Oktoba barua yake ya malalamiko ikachapishwa katika gazeti la The Times la London, na kisa cha shamba moja kikawa habari ya dola nzima.

Mwezi Novemba wafanyakazi 50 wa kujitolea walisafiri kutoka Cavan na Monaghan kuja kumvunia, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Kwa siku kadhaa shamba liligeuka kambi, mahema kila mahali na farasi wa jeshi wakikanyaga bustani. Makadirio ya siku zile yalisema serikali ilitumia kiasi cha pauni 10,000 kuokoa mazao yasiyozidi thamani ya pauni 500. Kazi ilipokwisha, Boycott naye akafungasha. Mwanzoni mwa Desemba alivuka bahari kurudi Uingereza.

Jina lake lilibaki nyuma. James Redpath, mwandishi wa habari wa Marekani, alisimulia kwamba alikuwa akila chakula na padri wa eneo lile, John O'Malley, akamwambia kuna neno linalomsumbua. Lugha ya wasomi ilikuwa na neno la Kigiriki la kumtenga mtu, lakini wakulima wasingelielewa. Padri akafikiri kidogo, kisha akapendekeza waseme tu "kumboycott" mtu. Kabla mwaka haujaisha magazeti ya London yalikuwa yakilitumia, mwanzoni kwa herufi kubwa kama inavyolipasa jina la mtu, kisha kwa herufi ndogo. Wafaransa, Wajerumani na Warusi wakalibeba vilevile lilivyo. Sijui mtu mwingine ambaye jina lake limegeuka kitenzi kwa haraka hivyo, naye angali hai kulisikia. Boycott alifariki 1897.

Sisi tulikuwa na kitenzi chetu kabla ya hapo. Mtoto hususa chakula, mke hususa akarudi kwao, ukoo hususia arusi ya ndugu aliyewadharau. Watangazaji wa redio walipohitaji tafsiri ya "boycott" hawakulazimika kwenda mbali, na kwa maoni yangu neno letu linaeleza zaidi ya lile la Kiingereza, kwa sababu halikosi moyo ndani yake. Anayesusa ni mtu aliyeumia. Hana bunduki wala mahakama, ana kitu kimoja tu ambacho mwenzake anakihitaji: mikono yake, fedha yake, au kuwepo kwake. Akikiondoa, mwenye nguvu anabaki na viazi vinavyooza shambani.

Kiingereza kina maneno mengine ya kukatiza biashara, na magazeti huyachanganya kama vile ni mamoja. Kila moja lina nyumba yake na lina mwenyewe. Tuanze na "embargo".

Hilo ni neno la Kihispania. Ndani yake imo "barra", yaani komeo. Kuweka embargo ni kuutia mlango komeo, na mlango wenyewe ni bandari. Liliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, likiwa na maana finyu: amri ya mfalme ya kuzuia meli zilizotia nanga zisiondoke, hasa vita vinaponukia. Kwa hiyo mwenye embargo ni mwenye bandari. Anafunga mlango wa nyumba yake mwenyewe, na jambo hilo lilikuja kumgharimu rais mmoja.

Mwezi Juni 1807, nje ya pwani ya Virginia, manowari ya Uingereza Leopard iliifyatulia mizinga meli ya kivita ya Marekani Chesapeake. Watu watatu waliuawa papo hapo na 18 wakajeruhiwa. Waingereza wakapanda melini na kuchukua mabaharia wanne waliodai ni watoro wa jeshi lao. Marekani ilichemka kwa hasira. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, na kila upande ulikuwa ukikamata meli za Marekani zilizofanya biashara na upande wa pili. Rais Thomas Jefferson hakuwa na jeshi la majini la kushindana na London, wala hakutaka vita. Akaamini kwamba Ulaya haiwezi kuishi bila pamba, tumbaku na ngano za Marekani. Tarehe 22 Desemba 1807 alitia saini Sheria ya Embargo: hakuna meli ya Marekani itakayoondoka kwenda bandari ya nchi ya kigeni.

Hebu fikiria miji ya Boston na Salem, ambako mkate wote ulitoka baharini. Meli zilifungwa gatini, mabaharia wakazagaa mitaani bila ujira, mafundi wa kamba na matanga wakafunga karakana. Thamani ya bidhaa zilizouzwa nje iliporomoka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi dola milioni 22 mwaka 1808. Uingereza ilipata masoko mengine Amerika ya Kusini. Kaskazini, katika ziwa Champlain, mbao na vyakula vilivushwa usiku kwa mitumbwi na majahazi kwenda Kanada, na serikali iliyochukia majeshi ikajikuta inatuma askari kuwawinda raia wake.

Ndipo watu wakaligeukia neno lenyewe. Waliliandika kinyumenyume, "embargo" ikawa "O grab me", yaani "Ewe, nikamate". Mchoraji Alexander Anderson akamchora kobe mkubwa aliyepewa jina hilo la Ograbme, akimng'ata makalioni mfanyabiashara anayejaribu kupeleka pipa kwenye meli ya Waingereza. Kila aliyeliona neno gazetini baada ya hapo alimwona kobe. Tarehe 1 Machi 1809, siku tatu kabla ya kuondoka madarakani, Jefferson alitia saini sheria ya kuiondoa amri yake mwenyewe.

Zipo nyakati ambapo mlango haufungwi bali unawekewa bei, na hapo Kiingereza husema "tariff". Neno hili ni ndugu yetu wa damu. Limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa maarifa, maarufu, kuarifu na taarifa. Wafanyabiashara wa Italia walilisikia katika bandari za mashariki ya Mediterania, ambako orodha ya ada ilitangazwa ili mwenye jahazi ajue atatozwa nini. Orodha hiyo ilikuwa taarifa kwa maana tunayoijua sote. Waitalia wakaiita "tariffa", Waingereza wakaifupisha, na kidogo kidogo tangazo la ada likawa ada yenyewe. Neno moja likasafiri njia mbili: upande mmoja likawa ukuta wa forodhani, upande wetu likabaki habari inayosomwa redioni saa mbili usiku. Kwa ada yenyewe sisi tulichukua neno jingine la Kiarabu, ushuru, ambalo asili yake ni sehemu ya kumi. Jina hilo lilidumu hata pale kiwango kilipokuwa kingine: mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5. "Contraband" nayo ni ya Italia, na maana yake ni kinyume cha tangazo, kinyume cha mbiu iliyopigwa. Sisi tunasema magendo.

Neno "blockade" ni la watu wa aina nyingine kabisa. Hili halimhitaji mwenye bandari, linamhitaji mwenye manowari. Ni kuuzingira mlango wa mtu mwingine kwa mizinga, na sheria za mataifa zimelihesabu kuwa tendo la vita. Azimio la Paris la mwaka 1856 lilitaka mzingiro uwe wa kweli, meli ziwepo zionekane, maana wafalme walikuwa na tabia ya kutangaza kwa karatasi kwamba wameizingira pwani ambayo hawakuwa na hata mashua moja hapo.

Pwani yetu inalijua neno hili kwa uzoefu. Mwaka 1873 balozi John Kirk alimweleza Sultani Barghash kwamba asipotia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, kisiwa cha Unguja kitazingirwa. Sultani alitia saini tarehe 5 Juni. Miaka 15 baadaye mzingiro ulikuja kweli. Kampuni ya Wajerumani ilikuwa imekodi Mrima kutoka kwa Sultani, na mwezi Agosti 1888 ikaanza kushika forodha zake. Pangani ikawaka moto, Abushiri bin Salim akiongoza. Mwezi Desemba manowari za Ujerumani na Uingereza zikajipanga mbele ya pwani kwa ridhaa ya Sultani Khalifa, na sababu iliyotangazwa Ulaya ilikuwa kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Watumwa walitajwa kwanza. Lakini waliokuwa wakipigwa mizinga Mrima walikuwa watu waliogombea forodha yao, na silaha zilizozuiwa zilikuwa zao. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Uzito huo wa neno ndio uliowafanya washauri wa Rais John Kennedy waupime msamiati kwa makini mwezi Oktoba 1962. Makombora ya Kisovyeti yalikuwa yamegunduliwa Kuba, na Washington ilikuwa imeamua kuzizuia meli za Moscow baharini. Kila baharia angeliita tendo hilo "blockade". Lakini kulitamka kungekuwa sawa na kutangaza vita. Tarehe 22 Oktoba Kennedy alipohutubia taifa alitumia neno "quarantine", karantini. Ni neno la hospitali na bandari. Mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliweka mwaka 1377 sheria ya kuwatenga wasafiri waliotoka penye tauni kwa siku 30. Baadaye siku zikawa 40, na arobaini kwa Kiitalia ni "quaranta". Kwa neno hilo Kuba ikawa mgonjwa, na manowari zikawa bwana afya. Khrushchev, kiongozi wa Kisovyeti, hakulikubali, akajibu kwamba huo ni uchokozi. Hata hivyo lilimwachia kila mmoja nafasi ya kurudi nyuma, nami ninaamini nafasi ile ndogo iliyopatikana katika neno ilisaidia kuiepusha dunia na moto.

Mapema mwaka huohuo, mwezi Februari, Kennedy alikuwa amezuia karibu biashara yote na Kuba. Pierre Salinger, aliyekuwa msemaji wake, alisimulia kwamba usiku wa kuamkia siku ile alitumwa akatafute sigara za Kuba, na rais hakuweka saini mpaka alipoambiwa zimepatikana 1,200. Hatua hiyo Wamarekani huiita "embargo", kwa maana ya kuufunga mlango wao. Wakuba, ambao lugha yao ndiyo iliyozaa neno hilo, wanalikataa. Wao husema "bloqueo", mzingiro. Tangu mwaka 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hupigia kura azimio la kutaka hatua hiyo ikomeshwe. Ukilisoma kwa Kiingereza utakuta "embargo", ukilisoma kwa Kihispania utakuta "bloqueo". Azimio ni moja, ukumbi ni mmoja, na mabalozi wanainua mikono kwa maneno mawili yasiyokubaliana nani ameufunga mlango wa nani.

Limebaki lile linalosikika zaidi siku hizi, "sanction", nalo ndilo gumu kuliko yote. Asili yake ni Kilatini, "sancire", kulitakasa jambo, kuliwekea muhuri wa utakatifu. Katika Kiingereza lilianza kwa maana ya sheria, kisha likawa adhabu iliyofungwa kwenye sheria ili iheshimiwe. Lakini tawi jingine likakua kuelekea idhini: jambo lenye "sanction" ni jambo lililoruhusiwa. Kwa hiyo neno moja linakataza na linaruhusu, na msomaji hana budi kutazama maneno ya jirani ajue ameshika upande gani. Kuna wafasiri ambao wameteleza hapo, wakamwidhinisha mtu aliyekuwa anaadhibiwa.

Afrika ndiyo iliyolionja neno hili kwa uchungu wa kwanza. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Shirikisho la Mataifa lililokuwa Geneva liliitangaza Italia kuwa mchokozi, na tarehe 18 Novemba adhabu zikaanza: hakuna kuiuzia silaha, hakuna kuikopesha, hakuna kununua bidhaa zake. Mafuta hayakuguswa. Makaa ya mawe hayakuguswa. Mfereji wa Suez, ambao Uingereza ingeweza kuufunga, uliachwa wazi, na meli zilizobeba askari na gesi ya sumu zilipita zikilipa ada kama meli nyingine yoyote. Addis Ababa ilianguka tarehe 5 Mei 1936. Mwishoni mwa Juni Haile Selassie alisimama Geneva kuzungumza na waliomwahidi ulinzi. Mwezi Julai adhabu zikaondolewa, Ethiopia ikiwa bado mikononi mwa Italia. Waliposema "sanction" mwaka ule, maana zote mbili zilikuwa kweli: waliadhibu, na waliruhusu.

Waandishi wa Hati ya Umoja wa Mataifa walilikwepa neno hilo. Ibara ya 41 inazungumzia hatua zisizotumia nguvu za silaha. Midomo ya watu haikufuata hati. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wa Wazungu wachache tarehe 11 Novemba 1965, kila mtu alisema "sanctions". Mwezi Aprili 1966 Baraza la Usalama liliiruhusu Uingereza kuzizuia kwa nguvu meli zinazopeleka mafuta ya Rhodesia bandari ya Beira, na tarehe 16 Desemba likaweka adhabu za lazima kwa mara ya kwanza katika historia yake. Manowari za Uingereza zilizunguka mbele ya Beira mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Mafuta hayo yalipita Lourenço Marques, bandari ya kusini ambayo haikulindwa, na yalipita Afrika Kusini. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza uliotolewa mwaka 1978 ulionyesha kwamba Shell na BP, ambayo serikali hiyo ilikuwa na hisa ndani yake, zilikuwa miongoni mwa waliopeleka.

Walioumia mapema ni Wazambia, ambao mafuta na shaba yao yalipitia Rhodesia. Malori yaliyosheheni mapipa yakaanza kupasua njia ya vumbi kutoka Dar es Salaam kwenda kusini-magharibi, na madereva wengi wakaacha roho zao kwenye miteremko. Bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 lilifika Ndola mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976. Vikwazo vilivyokusudiwa kumbana Smith viliacha alama zake juu ya ardhi ya Tanzania na Zambia, kwa chuma na zege.

Vikwazo ndilo jina tulilolipa jambo hili, kutoka kujikwaa. Kikwazo ni kisiki njiani. Hakina utakatifu wa Kilatini wala idhini iliyojificha ndani yake. Kinasema tu kwamba mtu alikuwa anatembea, na kuna aliyeweka kitu mbele ya mguu wake.

Mtu mmoja alisimama pande zote mbili za maneno haya. Tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere, akiwa bado kiongozi wa chama cha kudai uhuru, alizungumza katika mkutano wa London uliowaomba Waingereza wa kawaida wasinunue matunda wala sigara za Afrika Kusini. Aliyekuwa naye jukwaani, padri Trevor Huddleston, mwaka uliofuata alikuwa askofu wa Masasi. Hapo palikuwa na kususia: mama wa London anarudisha chungwa kwenye kapu la duka. Miaka 37 baadaye, tarehe 31 Julai 1996, mpatanishi wa mgogoro wa Burundi alikuwa Nyerere huyohuyo. Wiki moja kabla, Meja Pierre Buyoya alikuwa ametwaa madaraka Bujumbura, na wakuu wa nchi jirani waliokutana Arusha waliamua kuifungia Burundi njia zote.

Burundi haina bahari. Mizigo yake mingi ilishuka Dar es Salaam, ikapanda treni ya reli ya kati, ikafika Kigoma na kuvuka ziwa Tanganyika. Kuifunga njia hiyo kulikuwa kuifunga Kigoma pia, na wachukuzi wa gatini walikaa wakiyatazama maji kama mabaharia wa Boston. Mafuta ya magari yaliendelea kuingia kwa magendo, kwa bei ambayo mtu wa kijijini hakuiweza. Aprili 1997 vyakula, dawa na pembejeo vililegezewa masharti. Mazungumzo yalianza Arusha mwaka 1998.

Tarehe 23 Januari 1999 wakuu wa nchi walikutana tena Arusha kuamua hatima ya vikwazo. Mazungumzo ya amani yalikuwa hayajaisha. Neno waliloliandika lilikuwa kusitisha, si kuondoa. Treni za mizigo zikaanza kuja tena Kigoma.